Siku Watani Walipoikalia Kamba Yetu

Rehema, umeniomba nikuandikie namna ya kuendesha stoo ya michezo, kwa kuwa funguo nimekuachia wewe na maneno nimeondoka nayo mimi. Jibu fupi ni hili: hesabu vitu mara mbili, funga mlango, kimbia uwanjani ukapige kelele. Sauti ikikukauka kabla mchezo haujaisha, ujue kazi umeifanya. Jibu refu linafuata, na Mwalimu Jofrey wa michezo naye alisome, maana anatajwa humu na hakuna mahali nimemsingizia.

Vyeo sitaandika. Mshahara pia sitauandika. Wewe unaujua ulivyo na huhitaji kuhuzunishwa na mimi.

Nilikuja chuoni kutoka Somanga. Pale Somanga nilikuwa nauza korosho na samaki wa kukaanga kwa abiria wa mabasi yanayopita kwenda Lindi na yanayorudi Dar, na shule yangu yote ya kupatana ilikuwa dirisha la basi. Dereva hazimi injini. Abiria anauliza bei huku ameangalia pengine kama vile hana shida, konda anagonga bodi, na wewe una pumzi moja tu: umsome mtu usoni, ujue anataka nini hasa, umwachie nafasi ya kujiona ameshinda, umalize. Ukichelewa, basi linaondoka na sahani yako. Nilipopata kazi ya stoo kwenye chuo cha ualimu huku Lindi, nilidhani habari za madirisha zimeisha.

Siku ya kwanza alinipokea Mzee Mtulya, mtunza stoo wa kabla yangu. Alikuwa Mmwera mfupi, mkavu, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwa linakaanga mabati. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mipira hiyo mingapi?"

Nikahesabu, nikamwambia.

"Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Jibu lilikuwa lilelile, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyepoteza muda wake.

"Na ule wa pembeni umefumuka mshono," akasema. "Mara ya kwanza mtu anahesabu. Mara ya pili ndiyo anaangalia. Wewe umehesabu mara mbili, hujaangalia hata mara moja. Rudia."

Basi nikarudia, na sijaacha kurudia mpaka leo. Nyumbani wajukuu wananicheka nikihesabu vijiko.

Mengine aliyonifundisha nayapanga hapa bila mpangilio, kama alivyonipa yeye. Sindano ya pampu usiichomeke kavu. Itie mate kwanza, kwa sababu sindano kavu inachana valvu, na mpira utaanza kuvuja pale ambapo timu yako inaongoza. Jezi usiziloweke kwenye maji ya moto. Namba zinabanduka. Tuliwahi kuwa na beki aliyeingia uwanjani na namba kumi na saba, akatoka na namba moja, na kipa akamuuliza refa kama kuna mtu amemchukulia kazi. Chokaa ya kuchorea mistari ikiisha, tumia majivu, lakini yachekeche. Mwaka mmoja tuliyachukua jikoni bila kuyachekecha, siku ambayo wali uliungua, na kuku wa wapishi wakaufuata mstari wa penalti wakidonoa mwanzo hadi mwisho. Tulicheza na boksi la kukisia.

Kitu alichokipenda Mzee Mtulya kuliko vyote kilikuwa kamba. Ilikuwa kamba ndefu, nene, ya katani ya mashamba yetu ya hukuhuku, imening'inizwa ukutani mbali na sakafu ili isinyonye unyevu. Hiyo hakuihesabu, aliipapasa. Alifumba macho akaipitisha yote viganjani, kutoka ncha hadi ncha, halafu akairudisha. Uzi uliokatika hauuoni kwa macho, alisema, lakini kiganja kinaujua. Kichekesho ni kwamba wanaume wa chuo waliokuwa wanajiita wavuta kamba walikuwa hawavuti. Wao waliianikia jezi.

Ushabiki wenyewe ulinipata bila kupanga. Jioni moja nilipeleka mipira uwanjani, nikasema nisimame kidogo tu nione netiboli inavyochezwa. Nilirudi stoo kukiwa na giza, kitambaa cha kichwa kiko mkononi, na mtu fulani ananisihi nimwachie shati lake. Tangu siku hiyo sikuwahi kukosa mchezo.

Wachezaji wa ligi kubwa nawaheshimu, lakini hao wanalala hotelini. Wangu, tukienda mashindanoni, walilala kwenye madarasa ya chuo cha wenyeji, madawati wameyasogeza ukutani, na alfajiri walipanga foleni ya maji wakiwa na ndoo na mswaki. Asubuhi unamwona msichana anatetemeka mbele ya darasa la watoto wadogo, chaki inamdondoka, andalio la somo limelowa jasho. Jioni huyohuyo anaruka juu ya wavu kama aliyetumwa kuleta kitu kutoka angani. Hakuna televisheni, hakuna picha gazetini, na kesho yake ana mtihani wa saikolojia ya elimu. Anaruka tu kwa sababu mpira uko juu. Mimi mtu wa namna hiyo nikimwona, nguvu za kukaa kwenye kiti sina.

Sasa nifike kwa Esha.

Esha Mnali alitoka Milola, kwa wakulima wa Kimwera. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, mpole wa maneno, mwenye kicheko kilichoanza tumboni na kuchelewa kufika mdomoni. Mwaka wake wa kwanza alikuja dirishani kwangu akanyoosha kidole ukutani.

"Mama Stoo, shikamoo. Ile kamba ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Ya timu ya wanaume."

"Wanaivuta?"

"Wanaianikia."

Akacheka mpaka nikasubiri. Kisha akasema, "Basi tuazime sisi."

Alikusanya wasichana saba, yeye wa nane, wakafunga kamba kwenye mkorosho ulio nyuma ya jiko wakaanza kuuvuta. Watu walikuja kutazama na kucheka. Mpishi alilalamika kwamba mabibo yanadondoka kabla hayajaiva vizuri, ingawa sikumwona akiacha hata moja chini. Wiki zikapita, kicheko kikapungua, kwa sababu mkorosho ulianza kulalia upande wa jiko. Esha alikaa mwisho wa kamba, mahali pa yule tunayemwita nanga: kamba inapita chini ya kwapa, inapanda begani, na mwili wake wote ndio unaowazuia wenzake wasiburutwe.

Walikwenda kwenye mashindano ya vyuo mwaka ule, wakafika fainali, wakashindwa na chuo cha Mtwara. Mwaka wa pili hivyohivyo, chuo kilekile. Mara zote mbili Esha alikuwa wa mwisho kuachia kamba, na mara zote mbili hakulia. Aliikunja vizuri akaniletea.

Mwaka wake wa tatu, ambao ndio wa mwisho, Mkuu wa Chuo alituita mimi, Esha na Mwalimu Jofrey ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na basi moja na timu nyingi, na vijana wa mpira wa wavu walikuwa wanalilia viti.

"Wavuta kamba wanachukua viti vinane," akasema. "Wamerudi mikono mitupu mara mbili. Safari hii nawapeleka. Wakirudi bila kombe, timu nitaivunja, na kamba irudi stoo ikae hukohuko."

Tulipotoka nje nilimwambia Esha asihuzunike, yeye si anamaliza.

"Mimi namaliza, Mama Stoo," akasema. "Nitapangiwa shule, nitafundisha, sitapungukiwa kitu. Lakini wale wa mwaka wa kwanza mimi ndiye niliyewatoa vitandani kuja kuvuta mti. Viganja vyao vimekuwa kama vya wachimba visima. Nikishindwa, wao ndio watakaofungiwa."

Usiku ule sikulala vizuri, na kamba niliipapasa mara tatu.

Mashindano yalifanyika Mtwara, chuoni kwa walewale waliotushinda. Njiani nilihesabu abiria wangu mara mbili kama kawaida, na tulipotoka Mingoyo nikapata mmoja zaidi. Alikuwa mama muuza mihogo ya kuchemsha, aliyepanda kuuza akasinzia kiti cha nyuma. Alikataa kushuka mpaka aone matokeo ya netiboli. Tulikwenda naye.

Sitakusimulia siku zote. Netiboli tulishika nafasi ya tatu na nilipoteza kiatu kimoja. Mpira wa miguu wanaume tulitolewa mapema, wakapata muda wa kuanika jezi. Kamba tulipita, tukapita tena, na siku ya mwisho ikawa fainali, sisi na wenyeji.

Uwanja ulijaa mpaka watu walikaa juu ya ukuta. Mbele kabisa, upande wa wenyeji, alikaa bibi mmoja wa Kimakonde aitwaye Filomena, mama wa mpishi mkuu wa chuo kile, amezungukwa na wenzake wa rika lake wenye vitenge vya sare. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akiwaitia wenyeji mvuto. Akipaza "Hauuu!" wale wasichana wote nane walirudi nyuma kwa pamoja kama mlango unaofungwa. Msichana wao aliyepewa kazi ya kuita alikuwa na sauti ya mbu. Kazi ilifanywa na bibi.

Mvuto wa kwanza walituburuta kama wanavyoburuta ndoo. Wa pili Esha aligoma. Alichimba visigino, akalala nyuma, akakaa vile, uso umetulia kama anasubiri chai, na polepole kitambaa chekundu cha katikati kikaanza kuja kwetu. Kilipovuka mstari nilikuwa nimemkumbatia muuza mihogo na sote wawili tunalia. Tukawa sare, mvuto mmoja kwa mmoja. Wa tatu ndio wa kuamua.

Refa, kijana wa Bara mwenye soksi zilizopandishwa hadi magotini, akatoa mapumziko mafupi. Kamba ililala chini. Na hapo Bibi Filomena akainuka, akakunja kitenge, akavuka uwanja pamoja na wenzake, wakaja upande wetu wakakaa juu ya kamba. Walikaa hasa, wamenyoosha miguu, mmoja akatoa hata korosho zake akaanza kumenya.

"Hii kamba imetekwa," akatangaza. "Wamwera hawaigusi mpaka walipe."

Rehema, wewe ni wa huku, nafsi yako inajua. Kwa wengine watakaosoma: Wamakonde na Wamwera ni watani, na mtani akikukalia njia, hata ukiwa unakwenda kuzika, huwezi kumwondoa kwa nguvu wala kwa kukasirika. Unampa kitu au unapatana naye, huku mnatukanana na kucheka. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe. Esha na wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Aliyekuwa hacheki ni refa.

"Nikipuliza filimbi ya pili," akasema, "timu isiyoshika kamba imeshindwa."

Akapuliza ya kwanza.

Mwalimu Jofrey alikimbia akaja akainama mbele yao kwa adabu. "Mama zangu, shikamooni. Naomba kwa heshima kubwa, muda wetu..."

"Marahaba. Huyu wa wapi?" akauliza Bibi Filomena.

"Iringa, mama."

"Iringa! Hatuna utani na Iringa. Kakae kivulini baba, jua lisikuharibu."

Nilimwona Esha anaacha kucheka. Aliangalia filimbi mdomoni mwa refa, kisha akawaangalia wale wa mwaka wa kwanza, na uso wake ukabadilika. Hapo masikio yangu yakasikia injini ya basi. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya bibi.

"Shikamoo bibi. Mnataka nini?"

"Marahaba. Wewe Mmwera?"

"Mmatumbi. Nauza na kununua."

"Mmatumbi hayakuhusu! Haya, tunataka kuku."

"Kuku sikubeba. Tulikuja na basi, si na banda."

"Basi beseni la ming'oko, viazi vyetu vya porini."

"Ming'oko Wamwera wamekula yote njiani, ndiyo maana unawaona wazito hivyo."

Wenzake wakacheka, mmoja akanipigia makofi. Refa aliangalia saa. Bibi alizungusha macho kutafuta kitu kikubwa zaidi cha kutukomoa, yakamwangukia Esha.

"Basi tunamchukua yule," akasema, akanyoosha kidole. "Yule wa nyuma, mkubwa. Nina mjukuu wangu, Kristofa, fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Upepo wa bahari ukivuma, huyu atamshikilia."

Uwanja ulipiga yowe. Mimi nilimsoma usoni. Huyu hakutaka kuku wala ming'oko. Alitaka kushinda mbele za watu. Nikampa.

"Umemchukua?"

"Nimemchukua!"

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu na mbele ya Mungu!"

"Nimekubali," nikasema. "Mpeni hongera, amepata mkwe." Watu wakampa hongera. Nikamsogelea. "Sasa bibi, mkwe wako yule ana kazi kidogo hapa, anataka kuimaliza. Na wewe umeikalia kamba yake. Filimbi ikilia, watu watauliza aliyemwangusha binti wa watu siku ya posa ni nani. Na jambo lingine: akianza kuvuta, wewe utamshangilia nani?"

Aliwaangalia wasichana wa chuo chake, akamwangalia Esha, akaniangalia mimi. Yule wa korosho alianza kucheka kwanza, akajipiga mapaja, "Filomena! Umejinasa mwenyewe, Filomena!"

"Mmatumbi we," akasema bibi taratibu, "wewe ni mwizi."

"Nilikuwa nauza korosho Somanga, bibi."

"Nilijua tu!" Akainuka, akakung'uta kitenge, akawageukia wenzake. "Inukeni. Mkwe ni mkwe." Na badala ya kurudi kwao, akaja kusimama upande wetu, wote na vitenge vyao vya sare, na korosho zao.

Filimbi ya pili ililia wakati Esha anapitisha kamba chini ya kwapa.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyokuwa, maana kila nikiisimulia nasimama. Wenyeji walivuta kwa nguvu zilezile, wasidharauliwe; wale wasichana walikuwa mashine. Lakini mwitaji wao aliita kwa sauti yake ya mbu na hakuna aliyemsikia, kwa sababu Bibi Filomena alikuwa amechuchumaa pembeni ya Esha, karibu kabisa na sikio, akiita kama alivyozoea: "Hauuu! Mkwe wangu, hauuu!" Wetu wakarudi nyuma kwa pamoja. Wenyeji wakapiga kelele, "Bibi, vipi wewe!" naye anajibu bila kugeuka, "Nipo kwenye ukoo!" Kitambaa kilikwenda kwao. Kikarudi. Kikasimama juu ya mstari kikitetemeka, na nilimwona yule mdogo wa mwaka wa kwanza miguu inateleza, anakaribia kuanguka, na Esha kule nyuma akaona. Hakupiga kelele. Alijilaza tu chini zaidi, kamba ikamkaa begani, akaubeba uzito wa yule mdogo juu ya wake, akangoja mpaka mwenzake apate pa kukanyaga.

"Hauuu!"

Kitambaa kikaja. Kikaja kama kimeitwa kwa jina. Refa akapuliza filimbi, na alipopuliza, soksi moja ilikuwa imeshuka.

Sijui nilimrukia nani. Mwalimu Jofrey anasema ni yeye, na kwamba mgongo wake haujawa sawa tangu hapo. Mtu alileta ndoo ya maji akawamwagia, mwingine akaleta ya pili, na Esha alikuwa amelala chali juu ya kamba iliyolowa, wenzake saba wamemlalia, kicheko chake kimeanza tumboni na bado hakijafika juu. Muuza mihogo aligawa mihogo yake yote kwa watu asiowajua.

Mwalimu Jofrey akampigia simu Mkuu wa Chuo, akaiweka sauti kubwa, akaishika juu kama kombe. Tukasogea. Hata wenyeji walisogea, maana habari ya timu kuvunjwa ilishazunguka uwanja mzima. Wavuta kamba wanajuana.

"Wameshinda, Mkuu," akasema.

Tukasikia feni ya ofisi.

"Nimesikia kelele," Mkuu akasema. "Haya. Kamba irudi stoo..."

Yule mdogo wa mwaka wa kwanza akanishika mkono.

"...Mama Stoo aianike vizuri. Jumatatu kuna mazoezi, na wa mwaka wa kwanza wasichelewe."

Na Esha, ambaye hakulia alipoburutwa fainali mbili, aliketi palepale kwenye tope akalia kwa sauti, mabega yote yanatikisika, wale wadogo wamemzunguka hawajui wamfanyeje. Bibi Filomena akapenya katikati yao, akamfuta uso kwa pindo la kitenge.

"Nyamaza, mkwe wangu," akasema. "Mbona unalia mapema? Kristofa mwenyewe hata hujamwona."